Ubaguzi Uliojengeka katika Taratibu za Kazi Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wafanyakazi, mameneja na maofisa utumishi wa Unguja na Pemba, ambao wamekuwa wakiyarudia kila tunapokutana nao katika mazungumzo ya msaada wa kisheria. Aliyeyajibu alifanya kazi ya utumishi hotelini kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa msaidizi wa sheria, na baadhi ya taratibu zinazokosolewa hapa aliwahi kuzisimamia kwa mkono wake mwenyewe.

## Maana yake

1. Ubaguzi wa kitaasisi ni nini hasa?

Ni ubaguzi unaokaa ndani ya taratibu za kazi, hata pale ambapo haumo moyoni mwa mtu yeyote. Bosi mwenye chuki akihamishwa, chuki yake huondoka naye. Ubaguzi wa kitaasisi hubaki palepale, kwa sababu umo katika fomu ya maombi, katika njia ambayo habari za nafasi za kazi hupita, na katika desturi ya nani huwekwa mapokezi na nani hupelekwa dobi. Anayezifuata taratibu hizo anaweza kuwa mtu mwema, anayesalimia kila mtu na kuhudhuria maziko ya kila familia, na bado matokeo ya kazi yake yakawafungia mlango watu wa asili, rangi, dini au kisiwa fulani.

Kwa hiyo, swali la kuuliza si "nani mbaya hapa?" bali "nani amekosa nafasi, na ameikosa wapi njiani?" Tuseme hoteli imekaa pembezoni mwa kijiji kwa miaka kumi, na wanakijiji wote walioajiriwa wako bustanini, ulinzini na katika usafi, wala hakuna hata mmoja aliyefika mapokezi au ofisi ya hesabu. Inawezekana kila uamuzi, ukitazamwa peke yake, una sababu yake. Zikikusanywa sababu hizo zote ndipo ukuta unapoonekana.

2. Hili si jambo la Marekani na Uingereza? Sisi hapa ni ndugu.

Msamiati ndio uliotoka huko. Kwame Ture na Charles Hamilton waliueleza ubaguzi wa aina hii Marekani mwaka 1967. Nchini Uingereza uliingia katika lugha ya serikali mwaka 1999, baada ya uchunguzi ulioongozwa na Jaji William Macpherson kuhusu namna polisi wa London walivyoyashughulikia mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa mwaka 1993 na kundi la vijana wa kizungu.

Jambo lenyewe, hata hivyo, babu zetu walilijua vyema. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar lililoundwa mwaka 1926 lilikuwa na wajumbe Waarabu, Wahindi na Wazungu. Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka 1946, miaka 20 baadaye. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mgao wa chakula ulipangwa kwa asili ya mtu, mchele ukielekezwa zaidi kwa Waarabu na Wahindi na mahindi kwa Waafrika, na wapo watu waliobadilisha walivyoandikishwa ili wapate mchele. Karani wa mgao hakuhitaji kumchukia mtu yeyote, kwa kuwa fomu ilikuwa imeshamaliza kazi hiyo kabla yeye hajafungua dirisha.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliuvunja mpangilio huo, na katika siku hizo watu wengi wenye asili ya Kiarabu na Kiasia waliuawa au kuikimbia nchi. Baadaye, hasa kuanzia uchaguzi wa mwaka 1995, yakasikika malalamiko ya watumishi waliosema kuwa wameondolewa au kunyimwa vyeo kwa Upemba wao au kwa chama walichodhaniwa kukiunga mkono. Kila familia hapa ina kumbukumbu yake juu ya mambo haya, na kumbukumbu hizo hazifanani. Undugu wetu ni wa kweli, lakini haujawahi kutosha kuzuia fomu kufanya kazi yake.

3. Je, kila upendeleo ni ubaguzi?

Hapana. Mkataba Namba 111 wa mwaka 1958 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unasema wazi kwamba kutofautisha watu kwa sababu ya mahitaji halisi ya kazi yenyewe hakuhesabiwi kuwa ubaguzi. Hoteli inayopokea watalii kutoka Italia inaweza kutaka muongozaji anayezungumza Kitaliano. Kinachotakiwa ni kwamba sharti liwe la kazi kwa kweli. Kitaliano kikitakiwa kwa mpishi wa usiku ambaye hamuoni mgeni tangu aingie hadi atoke, tuna haki ya kuuliza sharti hilo limewekwa kwa ajili ya nani.

Mkataba huohuo unaruhusu pia hatua maalumu za kuwasaidia watu ambao hali zao zinahitaji msaada wa ziada. Mafunzo ya awali kwa vijana wa vijiji vinavyopakana na mradi, kwa mfano, yanaweza kutetewa kwa msingi huo.

## Sheria

4. Ni sheria gani inayonilinda nikiwa Zanzibar?

Anza na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Kifungu cha 12 kinaweka usawa mbele ya sheria na kukataza ubaguzi, na katika kueleza maana ya kubagua kinataja mambo kama utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi na dini. Maneno "pahala alipotokea" yana uzito mkubwa hapa kwetu, kwa sababu yanamgusa Mpemba aliyeko Unguja na mtu wa Bara aliyeko Paje.

Ajira si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake: Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya mwaka 2005, na kwa watumishi wa serikali Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya mwaka 2011. Mara nyingi tunaletewa barua za malalamiko zilizonukuu sheria ya Bara. Kosa hilo halifuti haki ya mlalamikaji, lakini humpa muajiri pumzi ambayo hakustahili kuipata.

5. Mimi ni Mzanzibari ninayefanya kazi Dar es Salaam. Je, nitumie sheria hizo hizo?

Hapana. Huko inatumika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na mgogoro hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria hiyo nayo inakataza ubaguzi kwa sababu ya mahali mtu anakotoka. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, muajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea au kwamba tofauti aliyoiweka inakubalika kisheria.

## Kutafuta kazi

6. Tangazo linataka "muonekano mzuri" au "uzoefu wa kimataifa". Je, hilo linaruhusiwa?

Maneno ya namna hii ni mlango usio na kipimo, na kila anayesimama mlangoni huweka kipimo chake. Nimewahi kukaa katika kikao cha usaili ambapo "muonekano" ulitajwa kwa waombaji watatu waliokosa, wote weusi sana, na haukutajwa kwa yeyote aliyepata. Hakuna aliyesema neno "rangi". Mimi nami sikulisema, na fomu zikawekwa katika jalada.

Mfano unaofundisha zaidi ulitokea Marekani. Kampuni ya umeme ya Duke Power, katika jimbo la North Carolina, iliwataka wafanyakazi wawe na cheti cha sekondari na wafaulu mitihani ya maarifa ya jumla ili wapate vitengo vyenye mshahara bora. Masharti yalikuwa sawa kwa wote kwenye karatasi, lakini yaliwazuia zaidi watu weusi, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamenyimwa elimu iliyo sawa, na kampuni haikuweza kuonyesha kuwa yana uhusiano na kazi yenyewe. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba masharti hayo hayakubaliki, hata kama nia ya kubagua haikuthibitishwa. Uamuzi huo haufungi mahkama zetu. Lakini swali lililoulizwa pale ndilo ambalo kila tangazo la kazi linapaswa kuulizwa: sharti hili linapima kazi, au linapima mtu alikozaliwa?

7. Je, jina langu na anuani yangu vinaweza kuninyima usaili?

Vinaweza, na jambo hilo limepimwa. Watafiti wawili nchini Marekani walituma maombi ya kazi ya kubuni karibu 5,000 katika miji ya Chicago na Boston, yenye sifa zinazolingana na majina tofauti. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, majina yanayosikika ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale yanayosikika ya watu weusi.

Hapa kwetu jina husoma mambo mengi zaidi ya dini. Jina la ukoo, skuli uliyosoma na shehia, yaani mtaa au kijiji chako, iliyoandikwa kwenye barua ya sheha anayeiongoza humwambia msomaji kama unatoka Micheweni, Pemba, au Makunduchi, Unguja, na pengine humfanya akisie hata kura yako. Barua ya sheha na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi vina kazi yake halali ya kuthibitisha ukaazi. Tatizo ni kuvidai mwanzoni kabisa, kabla sifa za mtu hazijasomwa. Muajiri anaweza kuvitaka baada ya usaili, kwa yule aliyekwishachaguliwa, na hatapoteza chochote.

8. Kujuana na vimemo ni ubaguzi, au ni rushwa tu?

Kunaweza kuwa vyote viwili. Kimemo, yaani ujumbe mfupi wa mkubwa wa kumuombea mtu nafasi, kikiambatana na fedha au faida nyingine, hilo ni suala la mamlaka ya kuzuia rushwa. Lakini hata kimemo kisichokuwa na senti ndani yake hubagua kwa namna ambayo wengi hawaioni. Watu hujuana kwa ukoo, kwa kisiwa, kwa chama, kwa msikiti na kwa skuli, na idara inayoajiri kwa kujuana itajaa watu wa asili moja bila mtu yeyote kukusudia. Baada ya miaka 15 idara hiyo itasema kwamba "watu wale hawaombi kazi hapa", na itakuwa inasema kweli, kwa sababu habari za nafasi haziwafikii kamwe.

## Ukiwa kazini

9. Nimeambiwa nivue hijabu nikitaka kubaki mapokezi.

Omba agizo hilo kwa maandishi, pamoja na sababu yake. Uhuru wa dini umelindwa na Kifungu cha 19 cha Katiba ya Zanzibar, na dini ni miongoni mwa misingi ambayo hairuhusiwi kutumika kumbagua mtu kazini. Sababu za usalama zinaweza kuzungumzwa: jikoni au karibu na mashine inayozunguka, mtandio mrefu ni hatari, na dawa yake ni kitambaa kifupi kilichobana ambacho muajiri anaweza kukifanya sehemu ya sare. "Wageni hawapendi" si sababu ya usalama. Juu ya wageni, tazama swali la 15.

Mara nyingi mwanamke hafukuzwi; huhamishiwa "nyuma", kufulia au kupanga vyumba, na mshahara wake ukabaki vilevile. Anaambiwa kwamba hajapoteza kitu, ilhali amepoteza bakshishi, mazoezi ya lugha na njia ya kupanda cheo. Haya yaandikwe katika malalamiko, kwani nimeona wengi wakiyaacha kwa kudhani hayahesabiki.

10. Mwenzangu mgeni analipwa mara tatu yangu kwa kazi ileile.

Tenganisha mambo mawili. Posho za kuhamia nchi nyingine, kama nyumba na tiketi ya kwenda kwao, zinaweza kuwa na maelezo. Mshahara wa msingi kwa kazi ileile, yenye dhamana ileile, ndio unaohitaji kuelezwa. Linganisha kazi mnazozifanya, usilinganishe majina ya vyeo, kwa sababu cheo hubuniwa ili kuhalalisha tofauti. Ikiwa "msaidizi" ndiye anayemfundisha "meneja" kazi kila anapoletwa mpya, andika tarehe za kila mafunzo.

11. Kazini wananiita "chogo", mwengine wanamwita "gozi". Wanasema ni utani.

Hayo ni majina ya kumdharau mtu kwa asili au rangi yake. Utani una watani wawili. Mmoja akishasema hapendi na wakaendelea, huo si utani tena. Taasisi inaingia hatiani pale msimamizi anaposikia na kunyamaza, na zaidi pale majina hayo yanapofuatana na ratiba za zamu, likizo na vyeo.

12. Naona muhali kulalamika. Aliyenifanyia haya ni mtu wa karibu na familia yetu.

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na lastahili jibu refu, kwa sababu muhali si woga. Ni adabu tuliyolelewa nayo: kutomvunjia mtu heshima, kutowatia aibu wazee, kukumbuka kwamba kesho mtakutana arusini na keshokutwa msibani. Katika visiwa vidogo adabu hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuishi pamoja baada ya mambo mazito. Simlaumu anayeona muhali.

Hata hivyo, tutazame muhali unamlinda nani. Humlinda mwenye ofisi kila siku, na aliye nje ya mlango haumlindi hata siku moja. Yule ambaye hana ndugu ndani hana wa kumuonea muhali, na hakuna anayeuona muhali kwa ajili yake.

Njia iliyotufaa ni kulalamikia utaratibu na kumuacha mtu pembeni. Badala ya kuandika "Fulani amenibagua", andika hivi: "Katika kipindi cha miaka mitatu nafasi nne za usimamizi zimejazwa bila kutangazwa, naomba nafasi zijazo zitangazwe na vigezo viandikwe." Barua ya namna hiyo inaweza kusomwa mbele ya mjomba wako bila yeyote kuinamisha kichwa. Pia inamgusa kila mtu katika kazi ile, kwa hiyo wenzako wanaweza kutia saini pamoja nawe. Lakini likiwa ni jambo la kukuvunjia utu, kama matusi ya rangi au kutakwa kimwili, hapo mtaje aliyekufanyia. Heshima ya familia haikai juu ya utu wako.

## Kulalamika

13. Nianzie wapi, na niwe na ushahidi gani?

Anza na daftari. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na waliokuwepo. Hifadhi mkataba, slipu za mshahara, ratiba za zamu, tangazo la kazi na ujumbe wa WhatsApp kwa kuupiga picha kabla haujafutwa. Ushahidi wenye nguvu zaidi katika kesi za namna hii ni ulinganisho: nani alikuwa na sifa kama zako, na akatendewa vipi.

Peleka malalamiko ya maandishi kwa ofisa utumishi, ubakie na nakala iliyopokelewa kwa saini. Kama kuna chama cha wafanyakazi, muhusishe mwakilishi wake. Vyama vya Zanzibar vina shirikisho lao, ZATUC. Hatua inayofuata ni Kamisheni ya Kazi, ambako kuna utaratibu wa kushughulikia migogoro unaoanza na usuluhishi, na mbele yake ipo mahkama inayoshughulikia kesi za kazi. Mtumishi wa serikali huanza katika taasisi yake, na juu yake ipo Tume ya Utumishi Serikalini. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ina ofisi Zanzibar. Usichelewe, kwa kuwa migogoro ya kazi ina mipaka ya muda, na nimeona madai mazuri yakifa kwa sababu mtu alisubiri Ramadhani ipite, kisha Idi, kisha msimu wa wageni.

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kwenda Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, au kumuuliza sheha kuhusu msaidizi wa sheria wa karibu.

14. Mimi ni kibarua, sina mkataba wa maandishi. Je, nina haki ya kulalamika?

Unayo. Kukosa karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Sare, miamala ya simu uliyolipwa kwayo, jina lako katika ratiba ya zamu na mashahidi ni uthibitisho kwamba ulifanya kazi. Mengine tazama swali la 13.

## Kwa waajiri, na masuala magumu

15. Mbaguzi ni mgeni anayelipa. Tumfanye nini?

Mgeni anapokataa kuhudumiwa na mtu kwa rangi yake au hijabu yake, meneja anayembadilisha mfanyakazi kimyakimya amelichukua sharti la mgeni na kulifanya sharti la hoteli. Amueleze mgeni, kwa upole, kwamba huyu ndiye mhudumu wake. Ikibidi mfanyakazi aondolewe kwa usalama wake, iwe kwa kuulizwa yeye kwanza, asipoteze zamu wala bakshishi, na tukio liandikwe.

16. Tumefanya semina. Je, inatosha?

Peke yake haitoshi. Semina huzungumza na nyoyo, wakati tatizo liko katika majalada. Chukua orodha ya wafanyakazi na uone ni nani wako ngazi ipi, wametoka wapi, na wamekaa hapo muda gani bila kupanda. Tangaza kila nafasi, Unguja na Pemba. Andika vigezo kabla ya kufungua maombi, waulize waombaji wote maswali yale yale, na kila anayesaili atoe alama zake kabla ya kusikia za mwenzake. Anayetangaza nafasi Mjini pekee na kusaili Mjini pekee ajue kwamba Mpemba analipa nauli ya boti na pahala pa kulala ili asikie "tutakupigia". Usaili wa kwanza ufanyike Chake Chake au kwa simu.

17. Niliingia kazini kwa kimemo, na sasa naona nani alikosa. Nifanye nini?

Mimi pia niliingia hivyo. Ami yangu alizungumza na mtu, na wiki iliyofuata nilikuwa na meza. Miezi kadhaa baadaye nilizikuta barua za walioomba nafasi ile chini ya sanduku la karatasi, na bahasha mbili kutoka Wete, Pemba, hazikuwa zimefunguliwa. Kujiuzulu kusingemrejeshea kitu yeyote katika wale wawili.

Unachoweza kukifanya ni kulikatiza jambo hilo pale linapopita mikononi mwako. Siku utakayoulizwa, "Unamjua mtu wa kukaa nafasi hii?", jibu kwamba unamjua, na kwamba ataomba pindi nafasi itakapotangazwa. Kisha uliza itatangazwa lini, na bahasha zitafunguliwa na nani.